Msikate ubeti wa mwisho

Jumamosi moja ya mwezi wa pili simu yangu ililia saa moja asubuhi. Hapa Kenton, majira ya baridi, saa hiyo nje bado giza, na watu wazima hawapigiani simu ila kwa msiba. Nambari ilikuwa ya Oman. Mwanamke nisiyemjua akanisalimu, akaniuliza hali, akaniuliza wajukuu, adabu zote akazitimiza, ndipo akasema: "Mwalimu, ile sauti iliyo kwenye video ya watoto wenu ni ya mamangu. Nani aliyewapa?"

Aliyewapa ni mimi.

Huku kwetu, kaskazini-magharibi ya London, ukishuka stesheni ya Kenton ukafuata barabara kubwa, Wahindi ndio wengi, na katika hao wengi ni watu wa Nairobi, Kisumu na Kampala, waliokuja miaka ya 1960, na wengine 1972 Amin alipowafukuza. Ukiingia dukani kununua mbaazi na muhogo, Kiswahili utakisikia. Waarabu wa pwani sisi ni wachache, lakini tupo. Mjukuu wangu yuko kidato cha sita, na yumo kwenye kikundi cha wanafunzi kumi na mmoja wanaobaki shuleni baada ya masomo kutengeneza muziki kwa kompyuta. Wamo wenye asili ya Unguja na Lamu, wamo Wabajuni, wamo wasichana wawili wa Kigujarati, na mvulana mmoja ambaye wazee wake wametoka Jamaika, mwenye mkono wa ngoma wallahi utadhani kazaliwa Kibokoni. Kazi waliyopewa ni hii: tafuta sauti ya kale ya nyumbani kwenu, uitengeneze upya. Wenyewe huita rimiksi. Pamoja na kazi hiyo walipewa somo la hakimiliki, karatasi moja, nitaifikia.

Basi mjukuu akaja. "Bibi, una kaseti?"

Kaseti ninazo sanduku zima, nimezibeba kutoka Mombasa na zimenifuata nyumba nne. Nikampa niipendayo kuliko zote, ya harusi ya mdogo wangu, Mji wa Kale, mwaka 1986.

Mnaokumbuka harusi zile mnajua ukumbi wa wanawake ulikuwaje. Mlango una mlinzi, na mlinzi ni bibi mzee asiyeogopa mtu. Ndani buibui zimevuliwa, asumini vichwani, udi unafuka. Mwimbaji wetu hakuwa mwimbaji wa kazi. Alikuwa mke wa mtu, mwenye sauti, akialikwa na watu anaowajua tu. Nimwite hapa Bi Mkubwa, jina lake si la kutaja. Kabla hajaanza aliiona redio kaseti yangu chini ya kiti. Akasema mbele ya watu: rekodi, si kitu, lakini isitoke kwa wanawake. Tukaitikia wote, inshallah.

Mdogo wangu akaenda zake Maskati kwa mumewe. Mimi nilikuwa na ile mashine ya kaseti mbili, unatia hii huku na hii huku. Nikatoa nakala ya Maskati. Khalati wa Dubai akaomba yake, nikatoa. Doha nao wakaomba. Huko nako wakatoa nakala za nakala. Sikukuu haijafika, nimepanda teksi kwenda Tudor, dereva mwanamume kabisa, redio yake inaimba nini? Bi Mkubwa. Nilicheka siku ile. Nikaona fahari hata, kaseti yangu imesafiri.

Kwa hivyo mtu wa kwanza kuitoa sauti ile ukumbini si mtoto wa London mwenye kompyuta. Alikuwa mwalimu wa Kiswahili, mtu mzima, aliyesoma sekondari ya misheni na anayejua alama za kufungia na kufunguliwa maneno. Padre aliyetufundisha insha alikuwa akikukuta umenakili sentensi ya kitabu bila kusema, anakusimamisha darasani uitaje jina la mwandishi kwa sauti, kisha jina lako, halafu anauliza, "Sasa nani kaandika?" Aibu ile sijaisahau. Lakini ilikuwa ya wino na karatasi. Haikunijia hata siku moja kwamba sauti nayo ina mwenyewe.

Sasa video ya watoto. Ilikuwa dakika tatu na nusu, na nitasema ukweli, ilikuwa nzuri. Inaanza na ule mvumo wa kaseti kuukuu kama mvua ya mbali, Bi Mkubwa anatoka humo ndani taratibu, kisha ngoma ya Kijamaika inaingia chini yake bila kumgusa. Nikalia kidogo. Jirani yangu, Mgujarati mzaliwa wa Kisumu, alikuwa jikoni kwangu anakunywa chai. Akaweka kikombe chini. "Lakini mwalimu, huu si wimbo wenu. Huu ni wa filamu." Akauimba Kihindi, mahadhi yaleyale, mpaka ule mpando wa mwisho.

Sikushangaa sana, na msomaji wa Mombasa hatashangaa. Marehemu Juma Bhalo, aliyefariki 2014, nusu ya umaarufu wake ni huo: mahadhi ya filamu za Kihindi na maneno ya Kiswahili mazito, mengi yake yametungwa na jamaa yake, malenga Ahmad Nassir. Unguja nako taarabu yenyewe ilianzia Misri, Sayyid Barghash alipompeleka Mohamed Ibrahim Cairo kujifunza, na Ikhwani Safaa walipoanza 1905 waliimba Kiarabu. Siti binti Saad akaja akaitia Kiswahili. Kila mmoja alichukua cha mwenzake akakipika upya. Nasema haya kwa sababu kuna wazazi walioniambia rimiksi ni uhuni wa watoto wa siku hizi. Si kweli, ndivyo tulivyofanya sisi kwa zaidi ya miaka mia moja. Watoto wale hawakukosa kwa kuchanganya.

Walikosa wapi, basi? Hapo ndipo ile karatasi ya somo la hakimiliki inapoingia. Niliiomba nikaisoma. Ilikuwa na mistari minne. Usipakue bila kulipa. Usinakili. Kunakili ni wizi. Mtandao utakugundua. Imekwisha. Hilo kwangu ni kibao cha "Mbwa Mkali" getini, na mtoto aliyesomeshwa kwa kibao hujifunza kuruka ukuta pale mbwa asipokuwapo.

Na mbwa mwenyewe haoni vizuri. Watoto walipoitia video mtandaoni, mashine ya kukagua iliwasimamisha. Kwa nini? Kwa sekunde sita za wimbo mmoja wa Kiingereza walizotia katikati kwa mzaha. Wakazitoa, video ikapita. Dakika mbili na zaidi za Bi Mkubwa hazikuguswa, kwa sababu mashine zile hulinganisha na nyimbo zilizowekwa humo na wenye kampuni, na Bi Mkubwa hana kampuni. Watoto wakaelewa kama nitakavyoelewa mimi: kwamba wimbo wa Kiingereza una mwenyewe, na wetu hauna. Hilo ndilo lililonikasirisha kuliko simu ya alfajiri.

Na mengi ya kweli yangeweza kuandikwa kwenye karatasi ile. Kwamba hakimiliki haihitaji kusajiliwa, inazaliwa pamoja na kazi, na hata rimiksi yao, kile walichokiongeza wao, ni mali yao wanafunzi. Kwamba sheria ya Uingereza ya 1988 ina milango: kunukuu kwa kiasi, kufundishia darasani, na tangu Oktoba 2014 kuigiza kwa mzaha na kuiga mtindo, ilimradi kwa haki. Kwamba kuimba wimbo wa mtu shuleni mbele ya walimu na wanafunzi si kuuimba hadharani, lakini wazazi wakikaribishwa mambo hubadilika. Sheria imesema wazi kwamba mzazi, kwa uzazi wake tu, hahesabiwi kuwa mtu wa shule. Watoto walicheka sana nilipowaonyesha hilo. Kwamba ziko sauti za kale zilizo huru: santuri alizorekodi Siti binti Saad Bombay mwaka 1928, ulinzi wa santuri zenyewe hapa Uingereza umekwisha zamani, na Siti alifariki 1950, kwa hivyo hata yale aliyotunga mwenyewe, ukihesabu miaka 70, yalifika mwisho 2020. Ya watunzi wenziwe lazima uhesabu kwa kila mmoja mwaka wake. Na kwamba mwimbaji naye, hata kama hakutunga neno, ana haki juu ya kuimba kwake, na kurekodiwa kwake kwataka ridhaa yake.

Ridhaa. Bi Mkubwa aliisema mbele ya ukumbi mzima, 1986, bila wakili. Rekodi, lakini isitoke kwa wanawake. Iko kwenye kaseti yenyewe, ukiisikiliza tangu mwanzo. Watoto waliikata, kwa kuwa si wimbo, ni maneno tu.

Nilimwomba yule binti anikutanishe na mamake. Akanipa simu jioni ileile. Bi Mkubwa sasa yuko Maskati kwa wanawe, miaka themanini na kitu, sauti imeshuka lakini ni ileile. Nilianza kuomba radhi kwa Kiswahili changu chote. Akaniacha nikaishiwa, kisha akasema jambo ambalo sikulitarajia.

"Mmekata ubeti wa mwisho."

Nikamwuliza upi.

"Wa jina. Yale maneno si yangu, ni ya marehemu kaka yangu. Ubeti wa mwisho ndio wenye jina lake. Mmeniacha mimi, ambaye sikutaka kusikika, mkamtoa yeye, aliyetaka kujulikana."

Mimi nimefundisha ushairi miaka thelathini. Nimewaambia wanafunzi, sijui mara ngapi, kwamba washairi wetu hujitaja mwishoni. Mwana Kupona, utendi wake wa 1858, anamaliza kwa kutaja jina lake, baba yake, Pate alikozaliwa na mwaka wa Hijra. Nilikuwa nafundisha hilo kama desturi, kitu cha kukariri kwa mtihani. Kumbe ndiyo hakimiliki yenyewe! Mshairi hakuwa na ofisi wala muhuri, akaufunga wimbo kwa jina lake ili kila atakayeuimba alibebe, apende asipende. Anayekata ubeti ule huwa amelifuta jina la mwenye mali.

Na tukishalifuta hatulipati tena. Malaika, wimbo huo ambao dunia nzima huuimba kama wa hewani: Miriam Makeba kauimba na Belafonte, Boney M wakauimba, na Fadhili William aliyeurekodi Kenya miaka ya 1960 amekufa 2001 huku watu wakibishana kama mtunzi ni yeye au Adam Salim. Au ule wa simba aliyelala, ambao watoto wenu wanaujua kwa filamu ya Disney. Mtunzi wake ni Solomon Linda, Mzulu, alirekodi Johannesburg 1939, akafa maskini 1962. Binti zake walifungua kesi 2004 na kupatana 2006, na silaha yao ilikuwa sheria ya kale ya Uingereza ya 1911, iliyosema haki humrudia mrithi miaka 25 baada ya mtunzi kufa. Binti zake waliweza kwa kuwa jina la baba yao lilikuwa limeandikwa mahali.

Narudi Kenton. Kikundi kilikaa na mwalimu wao, nami nikaalikwa. Video iliondolewa usiku uleule, hapakuwa na mjadala, mjukuu wangu ndiye aliyebonyeza. Kuhusu maneno, tukawatafuta warithi wa mshairi. Wako Dubai. Alifariki 1994, na kwa sheria ya Kenya haki yake inaishi miaka 50 baada yake, mpaka mwisho wa 2044. Emirati ni 50 pia. Oman, kwa amri ya kifalme nambari 65 ya 2008, ni 70. Mwanawe mkubwa alitutumia ruhusa kwa sauti kwenye WhatsApp, tukamwomba aiandike, akacheka: "Baba angefurahi, hajawahi kuombwa na mtu." Akaiandika.

Mahadhi ya filamu yalitushinda. Mmoja wa wale wasichana wa Kigujarati akasema waziwazi kwamba kampuni yenye wimbo haitawajibu watoto kumi na mmoja, basi tutunge yetu. Wakatunga, kwa kinanda cha bibi yake. Si mazuri kama ya kwanza, sitasema uwongo. Sauti ya Bi Mkubwa haimo. Kijana mwenye asili ya Lamu ndiye aliyesoma beti, na ule wa mwisho akausoma polepole, jina likasikika. Siku ya onyesho la mwisho wa muhula wazazi tulikuwamo ukumbini, kwa ruhusa iliyoandikwa.

Lakini ile ya kwanza haikufa. Kwa siku nane iliyokaa mtandaoni ilishanakiliwa kwenye simu. Mdogo wangu, bibi harusi mwenyewe, yuko Sohar, ameletewa na makundi matatu tofauti. Nilipomweleza Bi Mkubwa alisema maji yakimwagika hayazoleki. Kisha akasema: "La video nimewasamehe, ni watoto. La kaseti tutazungumza ukija Maskati." Sijaenda bado.

Kuna watakaoniambia, mwalimu unatutia uzungu, nyimbo zetu ni za wote, tangu lini mtu akadai wimbo wa harusi. Nimewasikia, na nusu ya maneno yao ni kweli. Ziko za wote, za vugo, za kumbembelezea mtoto, ambazo hakuna ajuaye zilikotoka. Lakini nimegundua kwamba mara nyingi tukisema "za wote" maana yake ni kwamba hatukutaka kupiga simu. Simu yangu mimi ilichukua dakika ishirini.

Sasa nawageukia nyinyi wa Ghuba, kwa sababu kaseti ziko kwenu. Tulizituma wenyewe. Ziko kabatini Ruwi, Deira, Doha, kwenye makopo ya biskuti na mifuko ya plastiki, na nyingine ni nakala ya mwisho iliyobaki duniani. Wajukuu wenu wana kompyuta kama wa kwetu na watakuja kuziomba, na zikikutwa hazina jina, mtoto hata akitaka kuomba ruhusa ataiomba kwa nani? Hapa Uingereza tangu 2014 serikali ina utaratibu wa kutoa idhini ya kazi ambazo mwenyewe hapatikani, lakini lazima kwanza uonyeshe umemtafuta kweli. Unamtafutaje mtu ambaye jina lake lilikuwa kichwani mwa bibi, na bibi amezikwa?

Mimi nimeanza langu. Kila Jumapili nasikiliza moja tangu mwanzo hadi mwisho na kuandika kwenye karatasi: nani anaimba, maneno ya nani, nani kapiga fidla, nyumba ya nani, na kama kuna aliyesema isitoke. Ninazo thelathini na saba. Nimemaliza kumi na tisa, na kumi na sita nimezijaza. Tatu zimenishinda. Moja ni ya harusi ya Mombasa, kwenye ganda pameandikwa 1984 kwa kalamu nyekundu na hakuna zaidi. Mwanamke anaimba beti saba akiwa na udi na dumbaki tu, anakohoa kabla ya ubeti wa nne, na nyuma yake mtu anaita "Mwana Esha, leta maji." Ubeti wa mwisho tepu imeisha kabla hajafika. Kama mpo mliokuwa ukumbini siku ile, au mamenu walikuwapo, nawaomba mniambie ni nani.